Maswali ya Wasomaji: Kamera za Basi la Shule Humlinda Nani?

Barua zilizotufikia kuhusu kamera za mabasi ya shule zinakaribiana kwa jambo moja: karibu zote huitaja kamera kana kwamba ni kifaa kimoja chenye kazi moja. Ukweli ni kwamba basi moja linaweza kubeba kamera za aina tatu, yaani zile zinazotazama magari ya watu wengine, zile zinazomsaidia dereva kuona kandokando ya basi lake mwenyewe, na zile zinazotazama ndani. Anayenunua aina moja akitarajia kazi ya nyingine hupoteza fedha, na pengine hupoteza zaidi ya fedha.

Swali: Nina watoto wawili wanaopanda basi la shule. Nimesikia kwamba huko Marekani mabasi yana kamera zinazowanasa madereva wanaolipita basi likiwa limesimama kushusha watoto. Je, shule ikifunga kamera kama hizo, watoto watavuka barabara kwa usalama zaidi? — *Mzazi*

Jibu: Ndugu mzazi, kabla ya kuiuliza kamera, iulize sheria ya barabarani ya mahali ulipo. Nchini Marekani na Kanada, basi la shule linaposimama kupakia au kushusha watoto huwasha taa nyekundu zinazomweka na kufungua kibao chekundu cha pembe nane, kilichoshikizwa kwenye mkono wa chuma ubavuni mwa basi upande wa dereva. Magari yanayotoka nyuma, na kwa kawaida hata yale yanayokuja kutoka mbele, hutakiwa kusimama mpaka mkono huo ukunjwe na taa zizimwe. Kamera iliyofungwa ubavuni hurekodi gari lolote linalopita wakati mkono uko wazi, pamoja na namba zake, saa na mahali. Kwa hiyo kamera ile ni shahidi wa kosa ambalo sheria ilikwisha kulitaja. Mahali ambapo hakuna sheria inayomlazimu mtu kusimama, kamera hiyohiyo itarekodi magari yanayopita kihalali, na shule itabaki na picha nyingi zisizomshtaki yeyote.

Sheria zenyewe hazifanani. Nchini New Zealand dereva haambiwi asimame, bali huruhusiwa kulipita basi la shule lililosimama kupakia au kushusha watoto kwa mwendo usiozidi kilomita 20 kwa saa, na sharti hilo huwabana wanaotoka pande zote mbili. Nchini Ujerumani, basi lililosimama kituoni likiwa limewasha taa za hadhari hupitwa kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Kamera ya Kimarekani, ambayo kazi yake ni kuona kama gari limepita au halikupita, isingefaa sana katika nchi hizo, kwa kuwa kosa la huko linahitaji kifaa cha kupima mwendo.

Tuseme sasa kwamba sheria ipo. Je, kamera humzuia dereva? Mwaka 2019, chama cha wakurugenzi wa usafiri wa wanafunzi wa majimbo ya Marekani kiliwaomba madereva wa mabasi wahesabu, kwa siku moja tu, magari yaliyowapita kinyume cha sheria. Madereva 130,963 wa majimbo 39 waliripoti magari 95,319. Hayo yalitokea katika nchi ambayo watu wake wamekua wakiyaona mabasi hayo ya manjano tangu rangi hiyo ilipopendekezwa kuwa ya pamoja mwaka 1939, kwa hiyo kutoijua sheria hakuwezi kuwa sababu pekee. Wengine wana haraka, wengine macho yako kwenye simu, na wengine wamezoea kwamba hakuna anayewaona. Kundi hili la mwisho ndilo ambalo kamera inaweza kulibadilisha, mradi watu wajue kwamba kamera zipo na kwamba faini hufika kweli.

Kuhusu kamera za mwendo zilizofungwa barabarani tuna ushahidi mzuri zaidi. Mapitio ya tafiti 35 yaliyochapishwa mwaka 2010 chini ya Cochrane, taasisi inayokusanya na kupima tafiti za afya, yalionyesha kwamba ajali za kuua na za kujeruhi vibaya zilipungua kati ya asilimia 11 na 44 mahali kamera hizo zilipokuwa. Kwa kamera za mabasi, hoja inayorudiwa mara nyingi ni ya kampuni zinazoziuza, kwamba zaidi ya asilimia 90 ya waliotozwa faini hawarudii kosa. Msomaji aipokee hoja hiyo kwa tahadhari, kwa kuwa dereva wa kawaida hukutana na basi lililosimama mara chache, na nafasi ya kunaswa mara mbili ni ndogo hata kwa mtu ambaye hakujifunza lolote.

Kuna pia hesabu ambayo kamera haiwezi kuibadilisha. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa husafiri takriban mita 25 katika sekunde moja na nusu ambazo dereva huhitaji ili aone, aelewe na aikanyage breki, kisha huhitaji mita nyingine zipatazo 20 kusimama hata kama lami ni kavu. Mtoto aliyejitokeza mbele ya basi akiwa ndani ya mita hizo 45 hatasaidiwa na picha yoyote. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa wazazi wanaochangisha fedha za kamera ni kwamba waanze na ramani: njia ya basi ipangwe upya ili kila mtoto ashukie upande wa nyumbani kwao, hata kama basi litalazimika kuzunguka. Mtoto asiyevuka barabara hahitaji shahidi.

Swali: Mimi ni dereva wa basi la shule na kwa miaka yote nimetegemea vioo. Mwajiri anataka kutufungia kamera pande zote na skrini mbele ya usukani. Wenzangu wanasema skrini itatuchanganya. Je, vioo havitoshi? — *Dereva*

Jibu: Ndugu dereva, hili ndilo swali ninaloliona kuwa zito kuliko yote tuliyopokea, ingawa ndilo linalozungumzwa kidogo zaidi magazetini. Takwimu za mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba miongoni mwa watoto wanaouawa wakitembea kwa miguu katika safari za shule, sehemu kubwa hugongwa na basi la shule lenyewe. Mamlaka hiyo hufundisha kwamba eneo la hatari ni mita tatu kuzunguka basi kila upande, na ndani ya eneo hilo mtoto anaweza kuwepo bila wewe kumwona.

Jaribu jambo hili basi likiwa limezimwa. Keti kitini pako, mwombe mwenzako achukue koni ya barabarani au ndoo yenye kimo cha mtoto aliyechuchumaa, aiweke chini mbele ya bampa, kisha aisogeze polepole kuelekea mbele mpaka uione kupitia kioo cha mbele bila kusaidiwa na vioo. Kwenye basi lenye pua ndefu utashangaa ni hatua ngapi atatembea. Arudie mbele ya gurudumu la nyuma upande wa mlango, ambako mtoto aliyeangusha daftari huinama kuliokota. Mahali pote ambapo hukuiona ndoo ndipo kamera inapohitajika, na pengine utagundua kwamba kamera mbili zilizowekwa vizuri zingekufaa kuliko nne zilizowekwa kwa kufuata picha ya kwenye katalogi.

Vioo vilivyobinuka vinavyofungwa mbele ya basi hupunguza tatizo, na visiondolewe. Hata hivyo vina kasoro mbili: huhitaji kurekebishwa kila dereva anapobadilika, na huonyesha mtoto akiwa mdogo kiasi kwamba jicho lililochoka humkosa. Kamera nazo zina kasoro yao. Lenzi pana, inayoona kutoka kona hadi kona, hukunja mistari na kufanya kitu kilicho karibu kionekane kiko mbali. Kwa hiyo skrini ikuambie kwamba kuna mtu, isikuambie yuko umbali gani. Na tone moja la matope lililokaukia kwenye lenzi linaweza kuziba mahali ambapo mtoto mzima angeonekana, jambo linalomaanisha kwamba kitambaa safi kiwe sehemu ya ukaguzi wa asubuhi pamoja na matairi na breki.

Hofu ya wenzako ina msingi, na dawa yake ni kukubaliana skrini itazamwe wakati gani. Basi likiwa linakwenda, skrini ya kandokando izimike au ibaki kimya, na programu za mifumo mingi huruhusu mpangilio huo. Basi likiwa limesimama, utaratibu uwe uleule kila mara: breki ya mkono, mlango, kuhesabu walioshuka, kuwahesabu tena wakiwa wamefika mahali salama, vioo, skrini, kisha vioo tena. Idadi ya pili isipolingana na ya kwanza, basi halisogei, hata kama skrini inaonyesha njia nyeupe kabisa. Kuna vifaa vya kisasa zaidi vinavyotoa mlio mtu anapokuwa mbele ya gari kubwa linaloanza kuondoka. Kanuni Na. 159 ya Umoja wa Mataifa inaeleza vigezo vyake, na katika Umoja wa Ulaya mabasi na malori yote mapya yanatakiwa kuwa na onyo la namna hiyo tangu Julai 2024. Basi la zamani laweza kuongezewa kifaa kinachofanana na hicho, ila ukiona kinalia kwa kila nguzo na kila mti, mwambie fundi akirekebishe mapema, kwa sababu mlio uliozoeleka huacha kusikika.

Swali: Shule yetu ilinunua kamera yenye picha safi sana, lakini namba za magari yanayotupita hazisomeki, hasa alfajiri. Muuzaji anasema tununue ya bei ya juu zaidi. Tufanyeje? — *Mwalimu mkuu*

Jibu: Mwalimu, msinunue kitu kwanza. Kinachoharibu namba mara nyingi ni muda ambao kamera huruhusu mwanga uingie kwa kila picha. Alfajiri, kamera ya kawaida huongeza muda huo ili picha isiwe nyeusi. Ikiuweka kwenye sehemu moja ya sitini ya sekunde, gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa litakuwa limesogea takriban sentimita 28 kabla picha moja haijakamilika, na namba itageuka kuwa mstari mweupe. Muda ukipunguzwa hadi sehemu moja ya elfu moja, gari husogea chini ya sentimita mbili na namba huanza kusomeka, ila sasa picha ina giza. Ndiyo sababu kamera za kusoma namba huja na taa ya infraredi, ambayo haiwasumbui madereva kwa kuwa jicho haliioni, wakati bamba la namba lenye kuakisi mwanga huirudisha vizuri.

Pili, lenzi inayoona barabara nzima haiwezi kwa wakati huohuo kuisoma namba ya gari lililo mbali. Mifumo inayotegemewa hutumia kamera mbili zinazofanya kazi pamoja: moja pana, inayoonyesha basi limesimama na gari linapita, na nyingine nyembamba iliyoelekezwa mahali namba itakapokuwa. Kabla ya kuagiza chochote, mwombe muuzaji awaletee mfumo wa majaribio uwekwe kwenye basi lenu, katika njia yenu, saa mnayopakia watoto. Asiyekubali jaribio hilo amekwisha kuwajibu.

Swali: Niliazimisha gari langu kwa ndugu, kisha nikapokea faini ya kulipita basi la shule. Mimi sikuwa kwenye usukani. Je, ni haki kumtoza mwenye gari? — *Mmiliki wa gari*

Jibu: Inategemea sheria imeandikwaje. Picha za basi huonyesha namba ya gari na aghalabu hazionyeshi sura ya dereva, kwa hiyo mamlaka nyingi zimechagua kumbana mmiliki, lakini kwa adhabu nyepesi kuliko ile ya dereva aliyekamatwa na askari. Jimbo la New York, lililoruhusu kamera hizi kwa sheria ya mwaka 2019, humtoza mmiliki dola 250 kwa kosa la kwanza, 275 kwa la pili na 300 kwa la tatu ndani ya miezi 18, bila kumwekea pointi za makosa kwenye leseni. Mmiliki ambaye gari lake liliibwa anaweza kujitetea kwa taarifa ya polisi. Gari la kuazimisha ni jambo la nyumbani zaidi: mdai ndugu yako.

Hata hivyo, usilipe kabla ya kuitazama video. Tazama kama basi lilikuwa limesimama kabisa, kama mkono ulikuwa umefunguka kikamilifu kabla gari halijafika, na kama watoto walikuwa wanapanda au kushuka. Katika jimbo hilohilo la New York, mwaka 2023 mahakama ya rufaa ilifuta faini kwa kuwa ushahidi haukuthibitisha mambo ya aina hiyo, na bunge la jimbo likalazimika kuirekebisha sheria mwaka uliofuata. Tazama pia barabara. Katika majimbo mengi ya Marekani, gari linalotoka mbele halilazimiki kusimama ikiwa pande mbili za barabara zimetenganishwa na tuta au kizuizi cha katikati, ilhali New York humtaka dereva asimame hata hapo. Huko Miami-Dade, jimboni Florida, faini nyingi zilipelekwa kwa madereva waliokuwa ng'ambo ya tuta, watu ambao hawakuwa na kosa lolote, na mwaka 2025 mpango mzima ukasimamishwa. Kamera haikudanganya. Kilichokosekana ni ukaguzi makini wa kuilinganisha picha na barabara.

Swali: Kamera za ndani ya basi humrekodi mwanangu kila siku. Nani anaruhusiwa kuzitazama picha hizo? — *Mama wa mwanafunzi*

Jibu: Mama, iombe shule ikujibu kwa maandishi mambo matatu: picha hukaa siku ngapi kabla ya kufutwa, nani ana neno la siri la kuzifungua, na je, kila anayezitazama huacha jina lake kwenye kumbukumbu. Kamera moja ya ubora wa kawaida hujaza takriban gigabaiti mbili kwa saa, kwa hiyo mifumo mingi hujifuta yenyewe kwa kuandika juu ya picha za zamani. Hilo ni jema kwa faragha, lakini linamaanisha pia kwamba tukio likitokea lazima video ihifadhiwe mapema. Picha za watoto zisirushwe kwenye kundi la simu la wazazi, hata kwa nia ya kumtafuta mkosaji.

Jambo jingine ambalo hukuliuliza lakini nalo ni la kamera za ndani: zisitegemewe kugundua mtoto aliyelala akasahaulika kitini. Hakuna anayeitazama video ile muda huo. Dereva au msindikizaji atembee mpaka kiti cha mwisho kila safari inapokwisha, na mabasi mengine yana kitufe huko nyuma ambacho kisipobonyezwa king'ora hulia.

Swali: Kampuni imetuahidi kutufungia kamera bure, nayo itajilipa kutokana na sehemu ya faini. Bodi yetu inaona ni neema. Kuna hatari gani? — *Mjumbe wa bodi ya shule*

Jibu: Hatari iko katika hesabu yenyewe. Kampuni inayolipwa kwa kila faini hupata zaidi makosa yanapoongezeka, na hupungukiwa madereva wanapotii. Mtihani mzuri wa mpango wa namna hii ni kuona makosa yakipungua mwaka hadi mwaka, na mtihani huohuo ndio unaomfilisi mshirika wenu. Mfano mbaya kuliko yote ninaoufahamu ni wa Dallas County Schools, shirika la umma lililokuwa likisafirisha wanafunzi jimboni Texas. Liliingia kwa nguvu katika biashara ya kamera za mabasi likitarajia faini zilete faida, likatumbukia kwenye madeni, na Novemba 2017 wapigakura wakaamua livunjwe. Mkuu wake wa zamani alikiri mahakamani mwaka 2018 kwamba alipokea hongo ya zaidi ya dola milioni 3 zilizohusiana na mikataba hiyo, akafungwa.

Sisemi kampuni yenu ina nia hiyo. Nasema mkataba uandikwe kama vile ingekuwa nayo. Malipo yawe kiasi maalumu kwa kila basi kwa mwezi, yasitegemee idadi ya faini. Uamuzi kwamba picha fulani ni kosa ufanywe na ofisa wa serikali aliyeapishwa, na mfanyakazi wa kampuni aishie kumkabidhi video. Umiliki wa picha ubaki kwa shule au kwa mamlaka, na zifutwe mkataba unapokwisha. Kila robo mwaka itolewe hadharani idadi ya picha zilizokataliwa pamoja na sababu za kukataliwa, maana idadi hiyo ndiyo itakayowaonyesha kama kuna anayezikagua kweli. Mwisho, waulizeni kama katika vifaa hivyo vya bure imo kamera hata moja inayomwonyesha dereva mtoto aliye mbele ya bampa lake. Kamera hiyo haimwingizii mtu faini, kwa hiyo mara nyingi haimo, na bodi italazimika kuinunua kwa fedha zake.